Mwimbaji Niliyemtunga

Kama gazeti la wiki iliyopita ulifungia sabuni kabla hujanisoma, usihangaike. Nitakuvusha mbio mbio.

Mimi ndiye yule niliyefukuzwa kiwanda cha betri kwa kudai glavu, nikafukuzwa duka la matairi kwa kudai siku ya kupumzika, nikafukuzwa hata kwenye kwaya kwa kudai kura. Shule niliiacha mapema. Mengine nimejisomesha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia, vitabu vya kuazima na barua za kufukuzwa kazi. Barua ninazo zote saba, kwenye bahasha moja, na tarehe zake nazijua kwa moyo. Mimi sisahau. Hata wewe msomaji uliyeniandikia ukaniita mzushi, nakukumbuka, na mwandiko wako ni mbaya.

Kazi ya nane niliipata kwenye kampuni ya kutambua nyimbo.

Unasikia wimbo dukani, unainua simu, simu inakwambia wimbo gani na nani kaimba. Wewe unadhani simu ina akili. Nyuma yake tupo sisi, watu arobaini kwenye chumba kimoja, tumevaa hedifoni, tunaandika: mwimbaji huyu, mtunzi yule, mwaka fulani, gitaa kapiga nani. Kila wimbo una alama yake ya sauti, kama ya kidole cha mtu, na alama hiyo imefungwa kwenye maelezo tunayoandika. Tukikosea, dunia nzima inakosea kwa kujiamini.

Gazeti la wiki iliyopita liliishia pale nilipoongoza mgomo wa hedifoni. Tulikuwa tunazipokezana zamu kwa zamu, mpaka nusu ya ofisi ikawa inatoka usaha masikioni. Bosi akaniita. Nikavaa shati langu la kufukuziwa kazi, ninalo maalumu, jeupe, nikaingia kifua mbele.

Akanipandisha cheo.

Ndiyo. Msimamizi wa zamu. Akanipa kiti chenye magurudumu. Katika maisha yangu yote sijawahi kutukanwa vile.

Bosi huyo tulimwita Taratibu, kwa sababu ukimwomba chochote, kuanzia nyongeza hadi ufunguo wa choo, alikujibu: "Kuna taratibu." Wiki ya pili ya usimamizi wangu akaniita tena.

"Bwana Mgomo, funga mlango. Tunaibiwa."

"Na nani?"

"Wale wa ng'ambo ya barabara." Alimaanisha kampuni ya pili ya kutambua nyimbo, ile yenye jengo la vioo. "Wao wana watu sita. Sisi arobaini. Mbona orodha yao ya nyimbo ni ndefu kama yetu?"

"Labda watu wao wana hedifoni nzima."

"Bwana Mgomo!"

"Samahani, endelea."

"Wanatunakili. Nataka uwawekee mtego. Utunge wimbo ambao haupo. Mwimbaji awe hayupo, bendi iwe haipo. Uuchomeke katikati ya nyimbo za kweli, unyamaze. Siku tukiuona kwao, watatueleza wameutoa wapi."

"Kwa nini mimi?"

"Si unajisifu una kumbukumbu? Wewe unazijua nyimbo zote zilizopo. Basi utajua upi haupo."

Hoja ikaniingia. Ningejua ilikuwa inaniingia kama mwiba, ningeruka.

Nilikaa kwenye kiti changu cha aibu, nikazunguka nacho mara mbili, wimbo ukaja wenyewe. Mwimbaji nikamwita Binti Pindo. Bendi nikaiita Magunia Jazi. Mwaka nikaandika themanini. Maneno yalinijia kama maji kwenye mfereji:

*Umeniachia uzi, sindano umekwenda nayo,*
*nitashona na nini shati ulilochana wewe?*

Dakika ishirini, kazi imekwisha.

Sauti tuliirekodi kwenye stoo ya karatasi. Aliimba mwenzetu mmoja wa zamu ya jioni, tuliyemwita Masikio kwa sababu husikia gitaa lenye uzi mmoja uliolegea kutoka ghorofa ya tatu. Mimi nilipiga ngoma juu ya boksi la karatasi. Tukaipitisha kwenye redio mbovu ili ikwaruze kama kitu cha zamani.

Masikio alipomaliza akaniangalia.

"Kaka Mgomo, wimbo mtamu huu. Una hakika umeutunga wewe?"

"Dada, watu wengine tuna vipaji, tumenyimwa nafasi tu."

"Mm," akasema. Masikio akisema "mm", ujue kuna kitu kimesikika. Sikumjali.

Miezi mitatu baadaye Masikio huyo huyo akaja mbio mezani kwangu na simu ya dada yake, iliyokuwa inatumia huduma ya wale wa ng'ambo. Akacheza ile sauti yetu ya stoo. Simu ikafikiri kidogo, ikaandika: Binti Pindo, Magunia Jazi, themanini.

Ofisi nzima ililipuka. Watu walipanda juu ya meza. Taratibu alicheka kwa mara ya kwanza, tukagundua ana jino la dhahabu.

Shauri likapelekwa kwa msuluhishi wa migogoro ya biashara, siku ikapangwa: Jumanne, saa nne asubuhi. Wakili wetu akaniandalia hati ya kiapo, mstari kwa mstari: mimi fulani naapa kwamba mwimbaji aitwaye Binti Pindo hayupo, hajawahi kuwepo, na wimbo wake nimeubuni mwenyewe kichwani mwangu.

"Utaapa?" akaniuliza.

"Hiyo hata ukiniamsha usingizini naapa."

"Vizuri," Taratibu akadakia, "kwa sababu redio zote zinazotulipa zinataka kuhamia kwa hao wezi. Tukishindwa, zamu ya jioni naifunga. Watu kumi na wawili. Uliwapigania hedifoni, Bwana Mgomo. Sasa wapiganie masikio ya kuzivalia."

Kumi na wawili, Masikio akiwemo. Nikatoka pale najiona mkombozi.

Jumamosi mchana nilikuwa nyumbani napiga pasi shati la Jumanne. Mke wangu anakunja shuka kitandani. Furaha ikanizidi, nikaanza kuimba: umeniachia uzi, sindano umekwenda nayo…

Mke wangu akaacha kukunja.

"Leo umeamua kuimba wimbo wa mama?"

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Mkwe wako. Unao wangapi?"

"Huu nimeutunga mimi."

"Umetunga nini?"

"Wimbo huu. Kazini. Dakika ishirini tu."

Alicheka mpaka akakalia shuka alizokwisha kukunja. Akafuta machozi kwa pembe ya mto.

"Haya, mtunzi. Niimbie ubeti wa pili."

"Hauna ubeti wa pili."

Akauimba. Akiwa amekaa vile vile, macho dirishani, kama mtu anayehesabu nguo:

*Nimezunguka madukani, sindano zote ni butu,*
*Binti Pindo nasema, kitambaa kinangoja.*

Pasi ilikuwa bado juu ya shati. Moshi ukaanza kutoka. Lilikuwa lile la kufukuziwa kazi, maskini, halijawahi kunikosea.

"Huyo Binti Pindo ni nani?" nikauliza.

"Ndiyo jina walilompa mama alipokuwa anaimba. Si nilikusimulia tulipokuwa wachumba? Kiwanda cha magunia? Bendi yao?"

"Hukunisimulia."

"Nilikusimulia. Ulikuwa unaniambia habari za yule msimamizi wako wa betri aliyekukata siku mbili. Nikasubiri umalize, nikakusimulia."

"Jumatano na Alhamisi," nikasema. Zile siku mbili nilizokatwa.

"Unaona? Na miaka kumi na moja nauimba nikiogesha watoto. Wewe umekaa pale mlangoni unasoma gazeti kwa sauti. Umeusikia mara elfu."

"Mimi sisahau," nikasema, lakini sauti ilitoka ndogo.

"Husahau ubaya tu, mume wangu. Mengine yanapita."

Nimepigwa virungu na walinzi wa viwanda viwili. Hakuna kilichoniuma kama lile neno, na mbaya zaidi alilisema kwa upole huku ananinyang'anya pasi.

Jumapili asubuhi nikaenda kwa mama mkwe.

Yeye ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kinatazama barabara: meza ya kukatia, vipande vya chaki, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, magauni ya watu yamening'inia kama abiria wanaosubiri. Siku ya kwanza nilipopelekwa kujulishwa, alimwambia binti yake, nikiwa nasikia: "Huyu atagombana hata na mto wake wa kulalia." Tarehe ninayo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wamekufukuza tena?"

"Hapana mama. Wamenipandisha cheo."

"Pole."

Nikakaa kwenye kigoda cha wateja. Nikauliza moja kwa moja, sijui kuzunguka. "Mama, umewahi kuimba?"

Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake. Nilihesabu tisa.

"Nani kakwambia?"

"Mkeo… mke wangu. Binti yako."

"Nilikuwa napiga pindo midomo ya magunia," akasema. "Magunia mia mbili kwa siku. Cherehani zinapiga kelele, ukitaka usilale lazima uimbe. Fundi wa bwela la mvuke akanisikia, ndiye alikuwa kiongozi wa bendi ya kiwanda. Wakanipeleka redioni kurekodi. Mara moja tu, wimbo mmoja. Mimba ya mkeo ilikuwa miezi saba, mpiga gitaa kila saa ananiambia, rudi nyuma dada, tumbo linagusa maikrofoni."

Akacheka. Sikuwahi kumwona mama mkwe akicheka nikiwa ndani ya chumba hicho hicho.

"Ukapigwa wiki tatu. Nikipita watu wananyoosha vidole. Halafu kanda ikapungua pale redioni, wakaufuta wimbo, wakarekodia hotuba ya kufungua ghala."

Damu ikanipanda. "Hotuba ya nani?"

"Nani anakumbuka, baba? Ndiyo uchungu wenyewe."

"Aliyefuta aliitwa nani? Alikuwa idara gani? Bado yuko hai?"

"Kaa chini."

Nikakaa. Nikatoa simu nimwonyeshe, kwa sababu sikujua niseme nini kingine. Nikacheza ile sauti ya Masikio, simu ya mke wangu, niliyokuwa nimeiazima, ikaitambua: Binti Pindo. Mama mkwe akajifuta mikono kwenye gauni, akasogea, akaitazama ile simu kwa muda mrefu.

"Themanini?" akasema. "Ilikuwa themanini na nne! Umenizeesha."

"Nitarekebisha, mama."

"Na anayeimba ni nani?"

"Mfanyakazi mwenzangu."

"Anajua kuimba. Ila huyu hajaachwa bado."

Kisha akaniuliza, na naomba msomaji ulisikilize swali hili kama lilivyoulizwa, polepole, na mkono wake mmoja juu ya gurudumu la cherehani:

"Kwa hiyo mtu akiusikia popote, simu yake itasema ni mimi?"

"Itasema, mama."

"Hata huko nisikofika?"

"Hata huko."

"Hata nikishakufa?"

"Hata hapo, mama."

Akachukua mkasi, akakata kitambaa kwenye mstari ambao haukuwa na chaki. Fundi wa miaka arobaini. Nilimwona.

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Mama, keshokutwa natakiwa kuapa kwamba hujawahi kuwepo. Maneno machache tu. Mimi niliyemwambia mwenye kiwanda mbele ya polisi kwamba ni kupe, nilishindwa. Nikanywa chai yake, nikaaga, nikaondoka. Hiyo ndiyo dhambi yangu ya kwanza wiki hii, na ndiyo ndogo.

Jumatatu nikaingia ofisini kwa Taratibu bila kubisha hodi.

"Bosi, yupo."

"Nani yupo?"

"Binti Pindo."

"Si ulisema umemtunga?"

"Nilidhani nimemtunga. Kumbe ni mama mkwe wangu."

Taratibu akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Bwana Mgomo, nimesikia visingizio vingi katika kiti hiki. Nina mfanyakazi kafiwa na bibi yuleyule mara nne. Lakini mtu kubuni mwimbaji akageuka kuwa mkwe wake, hapana, hiki ni kipya."

"Ni kweli tupu."

"Kanda ipo?"

"Ilifutwa."

"Karatasi? Mkataba? Jina gazetini?"

"Hakuna."

"Picha?"

"Alikuwa na mimba, hakutaka kupigwa picha."

"Basi hayupo. Taratibu za kampuni hii zinasemaje kuhusu mwimbaji asiye na kanda, karatasi wala picha?"

Nilizijua. Nilikuwa nimezibandika mwenyewe ukutani, wiki ya kwanza ya usimamizi, kwa kalamu nyekundu: bila ushahidi, mwimbaji haingizwi. Wenzangu walinipigia makofi kwa umakini.

Akafungua droo, akatoa bahasha kumi na mbili, akazipanga mezani kama anagawa karata. "Zimeshaandikwa. Zinangoja tarehe tu." Ya tatu ilikuwa na jina la Masikio.

Kisha akalegeza sauti. "Hebu sikiliza. Wewe kesho apa. Tushinde. Shauri likiisha, mwandike mkweo upya, kwa mwaka wake sahihi, na picha tutampiga. Nani ataumia? Wezi tu."

Mjinga akitafuta njia huiona hata ukutani. Nikaiona.

Tangu Jumamosi nilikuwa nimebeba watu kumi na wawili upande mmoja, na mama mmoja mwenye chaki upande wa pili, halafu huyu bwana ananiambia ninaweza kuwabeba wote kwa zamu. Nikajidanganya kwamba kiapo ni kama mstari wa chaki, kinafutika. Nikasema sawa.

Jumanne, saa nne. Chumba cha msuluhishi kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji na feni moja inayokohoa. Upande wetu: Taratibu, wakili wetu, mimi na shati la kuazima kwa shemeji, limenibana kwapani. Upande wa pili: wakili wa wale wa ng'ambo, peke yake, anachonga penseli. Mlangoni na ukumbini walisimama watu wote wa zamu ya jioni, wamevaa hedifoni shingoni ili kunipa moyo. Masikio alinipungia mkono.

Msuluhishi alikuwa mzee mwenye sauti ya mwalimu mkuu aliyestaafu bila kutaka.

"Soma kiapo chako, bwana."

Nikasoma. Hayupo. Hajawahi kuwepo. Nimeubuni mwenyewe kichwani mwangu. Sikukwama hata mahali pamoja. Nimesoma risala za mgomo kwenye mvua, karatasi moja ya serikali itanitoa jasho?

Ilinitoa. Lakini nikatia saini.

"Upande wa pili mna la kusema?"

Yule wakili akaweka penseli chini, akasimama.

"Mheshimiwa, wateja wangu wanakana kunakili kitu. Wanasema mwimbaji huyu wanamjua kwa utafiti wao. Na kwa kuwa wenzetu wanasisitiza hayupo, sisi tulitangaza redioni siku nne mfululizo: anayemfahamu Binti Pindo apige simu. Jana jioni akapiga mwenyewe. Yuko nje."

Elewa mzaha wa dunia, msomaji. Wezi walikuwa wameiba, hilo nina hakika nalo mpaka leo. Waliiba jina wasilolijua, wakabanwa, wakaenda kumtafuta mtu wa kusingizia, wakampata wa kweli. Mwizi ndiye aliyekuwa anasema kweli mle ndani, na mwenye mali ndiye aliyekuwa amemaliza kuapa uongo.

Taratibu akaninong'oneza, "Huyo ni nani?" Nikamwambia, "Nilikwambia jana."

Zamu ya jioni ikagawanyika mlangoni kupisha mtu. Akaingia mama mkwe.

Alikuwa amevaa gauni la kijani nililoliona siku ya harusi yangu na sijaliona tena. Utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni, alisahau kuuvua. Alitazama meza, jagi, mawakili, na uso wake ulikuwa na woga wa mtu aliyeingia ofisi ya watu. Kisha akaniona.

Woga wote ukamtoka.

"Ah! Umewahi, mwanangu!" Akaja moja kwa moja upande wangu, akanishika bega. "Nilivyosikia redioni wananitafuta nikajua tu ni kazi yako. Nikamwambia na mkeo jana, akanyamaza, nikadhani mmepanga kunishtukiza."

"Shikamoo mama," nikasema. Mdomo ulisema wenyewe.

"Marahaba." Akamgeukia msuluhishi. "Huyu ni mkwe wangu, mheshimiwa. Ndiye aliyeniandika kwenye simu. Mimi nilikuwa simpendi, nasema kweli mbele yenu, ana mdomo. Lakini Jumapili alikuja, akaketi, akaniuliza habari za wimbo wangu, miaka yote hii hakuna aliyeniuliza. Kama mnataka kujua lolote, muulizeni yeye. Huyu hasahau."

Ukumbini mtu alikohoa. Wakili wa ng'ambo alikaa taratibu, akaninyooshea kiganja, kama mtu anayekaribisha mgeni mezani. Taratibu alikuwa amenikanyaga mguu chini ya meza, na hakuuondoa wake.

Msuluhishi alinitazama. Akatazama karatasi. Akanitazama tena.

"Mama, kaa kwanza," akasema. "Huyu mkweo ameshaulizwa. Ametoa kiapo sasa hivi, hata dakika kumi hazijapita." Akausukuma ule waraka juu ya meza, ukateleza mpaka mbele yake.

Mama mkwe akauinua. Akausogeza karibu na uso, akaupeleka mbali, akaurudisha. Akapapasa kifuani, kwenye mkoba, kisha akacheka kwa aibu.

"Miwani nimeiacha kwenye cherehani, kwa haraka." Akanirudishia. "Nisomee, mwanangu. Umesemaje kuhusu mimi?"

Wakili wetu akaruka. "Mheshimiwa, huo si utaratibu, hati imeshapokelewa, hakuna haja ya…"

"Asome," msuluhishi akasema. "Kwa sauti, mama asikie."

Feni ikakohoa. Mlangoni Masikio alikuwa amevua hedifoni shingoni, amezishika kwa mikono miwili. Alikuwa anamwangalia mama mkwe, na midomo yake ilikuwa inasema kitu bila sauti. Nikaisoma. Ilikuwa inasema: ubeti wa pili. Tangu ile "mm" ya stoo alihisi wimbo haukuishia pale.

Mama mkwe akakaa vizuri kwenye kiti. Akavuta gauni lifunike magoti, akakunja mikono, akainamisha kichwa upande mmoja, kama mtu aliyekaa mbele ya redio anangoja jina lake litajwe.

Nikashika karatasi. Nikaanza na jina langu, maana hilo angalau lilikuwa la kweli.